Jini wa Kanzu ya Ijumaa

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa na kanzu nyingi kuliko kazi, alikuwako Sultani mmoja jina lake Shangama, ambaye kanzu yake ya Ijumaa ilianza kupanda. Mwezi wa kwanza ilifika kwenye viatu, wa pili kwenye vifundo vya miguu, na wa tatu ikawa hata miundi yake yaonekana msikitini. Basi mnajimu akapiga ramli, akasema, "Seyidina, humo mna jini. Dobi alimtia alipokuwa akiifukiza udi." Ikatoka amri kwamba dobi Mwinchande akatwe mkono.

Mke wa dobi akaenda mbio kwa Kitwana, fukara mwenye maneno mengi asiye na hata kanzu moja, akamlilia. Kitwana akamwonea huruma sana, akaingia barazani, ambako dobi alikuwa amekwisha fungwa kamba.

"Bwana wangu, dobi hana kosa."

"Basi nithibitishie," Sultani akanguruma, "kwamba hamna jini katika kanzu hii. Ukishindwa, mikono itakayokatwa ni miwili, wake na wako."

Nani amepata kuonyesha kitu kisichokuwapo? Mnajimu akachekea ndevuni. Lakini Kitwana akainama, akasema, "Niazime niivae. Kama jini yumo, atanipandishia na mimi."

Sultani akaingia ndani, akabadili nguo, akampa. Nao kwa kimo walikuwa sawasawa, ila Kitwana alikuwa mwembamba kama ufito. Alipoivaa, kanzu ikashuka ikafagia sakafu. Baraza zima likatazama kanzu, likatazama tumbo la Sultani, kisha likatazama dari upesi sana.

"Seyidina," akasema Kitwana, "mimi nikipoteza kofia hupapasa kichwa changu kwanza, ndipo nikawauliza majirani, majini huwaacha mwisho kabisa. Na anayesema jini yupo, yeye ndiye wa kumleta."

Sultani akapapasa tumbo lake. Halafu akaangua kicheko, akacheka hata kanzu nyingine aliyovaa ikapasuka ubavuni. Akaamuru dobi afunguliwe, Kitwana apewe ile kanzu ndefu, na mnajimu amlete jini wake kabla ya magharibi.

"Na mpasuko huu, Mwinchande," akauliza akijifuta machozi, "nao umeutia wewe?"

Dobi alikuwa akisugua alama za kamba mkononi. Akajibu kwa adabu, "La, bwana wangu. Mimi hufua tu. Waulize wapishi."