Sindano Chini ya Mstari

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, mmeitika kama watu walioshiba makande na sasa wanatafuta ukuta wa kuegemea. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Naam. Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata magoti yangu haya yalikuwa hayajaanza kulia kaa! kaa! kila nikiinuka, palikuwa na kijiji mlimani. Jina lake sikutajiwa. Baridi yake nilitajiwa. Ukungu wa huko ulikuwa unaingia nyumbani bila hodi, unakaa, unasubiri chai.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Namkunda. Alijua kufuma, na alijua kusoma. Kufuma alifundishwa na mama yake. Kusoma alijifunzia bondeni, kwa mwalimu mmoja mwenye miguu ya baridi. Walipatana hivi: herufi tano, soksi moja. Herufi zilipokwisha, mwalimu alikuwa na soksi tano, na ile ya tano vidole viko nje, kwa sababu herufi zilipungua moja. Bibi Namkunda hakuongeza hata uzi. Mapatano ni mapatano.

Kijiji kizima, msomaji alikuwa huyo mmoja.

Sasa sikilizeni desturi yao. Vijana waliposhuka kufanya kazi bondeni, waliandika barua. Na barua haikuwa ya mtu mmoja. Tarishi akiileta, watu wote wanakusanyika uani kwa Bibi Namkunda. Barua inaanza na salamu, mtu mmoja mmoja, jina kwa jina, kila mtu na mstari wake. Ukitajwa unasimama, unasema kwa sauti, "Nimepokea!" Kisha unakaa, umenona. Ilikuwa kama kupakuliwa chakula mbele ya wageni. Ukirukwa, kila mtu anaiona sahani yako tupu.

Pembeni mwa Bibi Namkunda, siku zote, alikaa rafiki yake wa tangu usichana, Bibi Nakiete. Huyu hakujua kusoma hata jina lake. Lakini vidole vyake! Ukimpa sweta alipapase macho kafumba, anakuambia nani kalifuma, na siku ile alikuwa na hali gani. "Hapa mikono ilikuwa na furaha," anasema. "Hapa, kwenye kwapa, aligombana na mumewe."

Mimi nimezunguka, jamani. Nimelala kwenye stesheni ambazo treni yenyewe imezisahau. Huko nako niliwahi kujaribu kufuma skafu. Nilipomaliza, mwenyeji wangu aliishika, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kama mbuzi wa kufungwa na kamba hiyo ninaye tayari. Kwa hiyo ninapowasifu mabibi hawa, nawasifu kutoka chini kabisa.

Ti, ti, ti. Sindano zinasema. Bibi mmoja anafuma, mwenzake anasokota uzi wa sufu. Ti, ti, ti.

Siku moja tarishi akaleta barua ya Kiondo.

Kiondo alikuwa amemposa Nanzia, binti wa Mzee Mrutu, kabla hajashuka bondeni. Kibuyu cha posa kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwa Mzee Mrutu, mdomo juu. Mdomo juu maana yake, tumekubali. Baba akikirudisha kibuyu kwa wakwe mdomo chini, basi, kila mtu akae kwao. Na Nanzia alikuwa amemngoja Kiondo misimu miwili ya mahindi, bila kunung'unika.

Mzee Mrutu alikuja wa kwanza. Alivaa koti. Alikaa mbele. Alikuwa na kikohozi ambacho si ugonjwa, ni cheo: "Ehem!" Akiamka, ehem. Akiingia, ehem. Siku ile alikohoa mapema, koo liwe tayari kwa kupokea.

Bibi Namkunda akafungua barua. Akasoma.

"Namsalimu sana mama yangu mzazi."

"Nimepokea!" Mama Kiondo akasimama, akakaa.

"Namsalimu sana fundi wa mizinga."

"Nimepokea!"

"Namsalimu sana shangazi, pamoja na mbuzi wake mwenye pembe moja."

"Tumepokea!" Shangazi akasema, kwa niaba ya wote wawili. Watu wakacheka.

Majina yakaja, majina yakapita. Nimepokea! Nimepokea! Mzee Mrutu akaegemea mbele. Akavuta koti. Ehem. Salamu zikaisha. Bibi akaingia kwenye habari: mvua, kazi, atarudi baada ya mavuno. Barua ikafika mwisho.

Mzee Mrutu akasimama taratibu.

"Mbuzi kapokea," akasema. "Mbuzi wa pembe moja. Mimi sijapokea."

Hakuna aliyecheka.

"Siku ya gulio," akasema, "mbele ya watu, kibuyu kitarudi."

Gulio lilikuwa baada ya siku nne.

Kesho yake asubuhi Nanzia akaja kwa Bibi Namkunda, macho yamevimba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

"Sikai, bibi. Nakuomba uisome tena. Kiondo hawezi kumsahau baba. Hawezi."

Bibi Namkunda akaweka sindano chini. "Mwanangu, nimesoma barua za kijiji hiki kabla mama yako hajaota meno. Kilichoandikwa ndicho nilichokisoma."

"Mara moja tu, bibi."

"Ndicho nilichokisoma."

Nanzia akaondoka. Bibi Nakiete akamtazama mwenzake. Akaendelea kusokota.

Siku ya pili ikapita. Ti, ti, ti. Siku ya tatu, Bibi Namkunda alikuwa anaifuma shali ya harusi ya Nanzia, safu mbili nyeupe, safu moja nyeusi, mbili nyeupe, moja nyeusi. Mikono iliendelea yenyewe, ingawa harusi yenyewe ilikuwa njiani kufa. Bibi Nakiete akanyoosha mkono, akaipapasa.

"Namkunda."

"Mm."

"Hapa umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka safu nzima. Nyeupe hapa ni moja. Papasa mwenyewe."

Akapapasa. Moja. Akaisogeza shali mbele ya macho, akaisogeza mbali, akaisogeza tena karibu. Nyeupe moja.

Bibi Namkunda akainuka, akaenda ndani, akarudi na barua ya Kiondo.

Bibi Nakiete akachomoa sindano moja, akailaza chini ya mstari wa kwanza. "Huu una nani?"

"Mama mzazi."

Akaishusha sindano. "Huu?"

Bibi Namkunda akaisogeza barua karibu na macho.

"Namkunda, huu una nani?"

Bibi Namkunda akasoma kwa sauti ndogo. "Namsalimu sana baba yangu mpya, Mzee Mrutu. Mwambieni huku hakuna anayekohoa vizuri kama yeye."

Amewekwa wa pili, jamani! Baada ya mama tu! Lakini kila mstari ulianza na "Namsalimu sana", na macho ya bibi yalishika "Namsalimu sana" moja, yakatua kwenye nyingine ya chini yake. Hop! Kama chura.

"Masikini mimi," akasema Bibi Namkunda.

"Usilie," akasema Bibi Nakiete. "Kalamu unayo. Andika barua nyingine. Tutasema tarishi ameileta leo, Kiondo amemsalimu mzee peke yake, karatasi nzima. Nani atajua? Msomaji ni wewe, mwandishi ni wewe."

Na ngoja niwaambie ukweli, asiwadanganye mtu kwamba wazee wenye busara wanazaliwa nayo. Aliiandika. Alikaa akaiandika yote, kwa mwandiko mzuri, salamu tamu za kumtoa nyoka pangoni. Akamsomea mwenzake.

"Nzuri," akasema Bibi Nakiete. "Nzuri mno. Kiondo mwenyewe hana akili hizi."

Bibi Namkunda akaitazama barua ile. Akaitazama shali.

"Nakiete. Ukiwa safu ya arobaini, ukaona kosa liko safu ya sita, unafanyaje?"

"Unafumua."

"Zote?"

"Mpaka pale lilipo. Zaidi ya hapo ni wazimu, pungufu ya hapo ni uvivu."

"Na watu wakiwa wanakutazama?"

Bibi Nakiete akafikiri. "Unafumua, wanakutazama."

Barua nzuri ikaingia chini ya chungu. Ikaivisha maharage.

Siku ya gulio ikafika. Watu wa milima mitatu walikuwepo, na ndizi, na kuku, na kelele. Mzee Mrutu akateremka njiani na kibuyu mkononi, mdomo chini. Nanzia nyuma yake, kichwa chini. Watu wakaacha kupatana bei. Mama Kiondo akajifunika uso kwa kanga.

Katikati ya gulio alikaa Bibi Namkunda kwenye kigoda, shali mapajani.

"Mzee Mrutu," akasema, "kabla hujafika unakokwenda, simama unitazame."

Akashika ncha ya uzi. Akavuta. Fuuu! Safu ikafumuka. Fuuu! Nyingine. Shali ya siku nyingi, fuuu, fuuu, fuuu, ikawa rundo la uzi miguuni mwake. Wanawake wakashika vinywa.

Akasimamisha mkono. "Hapa. Hapa niliruka safu, sikuona. Na siku ile uani niliruka mstari, sikuona. Nanzia akaja kuniomba nisome tena, nikakataa. Nakiete, lete sindano."

Bibi Nakiete akailaza sindano chini ya mstari wa kwanza. Mama Kiondo akapokea tena, kwa kwikwi. Sindano ikashuka.

"Namsalimu sana baba yangu mpya, Mzee Mrutu. Mwambieni huku hakuna anayekohoa vizuri kama yeye."

Gulio zima likamgeukia Mzee Mrutu. Mzee akafungua kinywa. Koo likakataa. Kile kikohozi alichokibeba maisha yake yote, siku ile alipokihitaji, hakikuja.

"Kumbe ni macho yako," akasema hatimaye.

"Macho, na nyuma ya macho kiburi," akajibu Bibi Namkunda. "Macho ni ya uzee. Kiburi ni changu. Nisamehe. Na wewe Nanzia, nisamehe zaidi."

Mzee Mrutu akakigeuza kibuyu. Mdomo juu. Akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti.

"Nimepokea," akasema. Na hapo ndipo kikaja: "Ehem!"

Vigelegele! Nanzia akakaa palepale kwenye vumbi, akaanza kuukusanya uzi, anacheka, analia.

Ningekuwa msimulizi mvivu ningeishia hapo, tukale. Lakini fundi wa mizinga, mtu mgumu kama nta ya zamani, akauliza mbele ya watu, "Bibi, na barua zetu nyingine, zile za miaka yote?"

Lilikuwa swali baya, na lilikuwa swali la haki.

"Zileteni," akasema Bibi Namkunda.

Wakazileta. Zilizokunjwa, zilizoliwa na mende, zilizofichwa darini. Kiangazi kizima mabibi wawili walikaa uani, mmoja anasoma, mwingine sindano mkononi. Huu una nani? Huu je? Siku nyingi hawakukuta kitu. Wakakuta mjomba mmoja aliyerukwa. Akaitwa, akasimama, akapokea salamu za miaka mitatu, akaenda akitembea kama bwana harusi.

Wakafika kwenye barua moja ya miaka saba nyuma. Ya Senkoro, kaka yake Bibi Nakiete, aliyeshuka bondeni baada ya kugombana na dada yake kwa neno ambalo hakuna aliyelikumbuka tena. Aliandika barua hiyo moja. Kisha akafa hukohuko. Iliposomwa wakati ule, dada yake hakutajwa. Bibi Nakiete alisikia, akanyamaza, akaendelea kusokota. Miaka saba alinyamaza hivyo.

"Huu una nani?" akauliza.

"Mjumbe."

Sindano ikashuka. "Huu?"

Bibi Namkunda akaupitia mstari kwa macho, akaurudia.

"Huu una nani, Namkunda?"

"Namsalimu sana," akasoma Bibi Namkunda, akaanza upya. "Namsalimu sana dada yangu Nakiete. Nikirudi tusitazamane vibaya. Mimi nilishasahau."

Sindano haikutikisika. Ukungu ukaingia uani, kama kawaida yake, bila hodi. Bibi Namkunda aliinamisha kichwa. Alikuwa anangoja mwenzake ainuke aondoke, na asingemlaumu.

Bibi Nakiete akasimama. Mgongo haukutaka, akaulazimisha.

"Nimepokea," akasema, kwa sauti, kama uani pamejaa watu.

Akakaa. Akaiacha sindano palepale, chini ya mstari ule. Kisha akaishusha moja.

"Endelea," akasema. "Huu una nani?"

Tangu siku ile, wazee wanasema, katika kijiji hicho hakuna aliyesoma barua peke yake. Msomaji na mshika sindano. Na mshika sindano si lazima ajue kusoma. Ajue tu kuuliza, na awe anakupenda kiasi cha kutokukubali uruke.

Kwa hiyo, wenzangu, mwenye elimu naye ana mstari anaouruka. Ukiambiwa umeruka, papasa kwanza, kataa baadaye. Na ukilikuta kosa, fumua mpaka lilipo, watu wakikutazama. Mimi hapa nimesoma, nimetembea, nimefuma kamba ya mbuzi, na bado mke wangu ndiye anayeniambia nimevaa shati ndani nje. Hiyo ndiyo sindano yangu. Tafuteni yenu.

Uzi umeisha, hadithi yangu nimeifungia fundo hapo. Niliyemruka anisamehe. Niliyemsalimu apokee.

— Tumepokea!