Mikarafuu Iliyotiwa Chokaa

Aliyekisimulia kisa hiki kwanza ni Bi Mize binti Faki mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwezi wa Rajabu mwaka 1963, siku ya hitima ya kaka yake. Alikisimulia mbele ya wanawake wa ukoo, akawataka wakirudie kama kilivyo, wasiiondoe aibu yake yeye.

Kaka yake huyo, Mzee Shaame bin Faki, alikuwa mtu wa ibada. Mwaka 1949 alipojaaliwa safari ya Hija, aliandika hati ya wakala mbele ya mashahidi wawili, akamkabidhi Maalim Khatibu bin Makame, imamu wa kijiji chao huko Pemba. Hati ilimpa Maalim idhini ya kuuza shamba la mikarafuu sitini, kutia saini na kupokea thamani yake, kana kwamba ni Shaame mwenyewe. Fedha hizo zingejenga msikiti wa mawe mahali pa ule wa udongo uliokuwa ukibomoka. Katikati ya shamba hilo ndimo alimokaa Bi Mize, mjane, katika nyumba aliyozaliwa.

Bi Mize hakumpinga kaka yake. Alisema, "Shamba lake, na msikiti ni wa Mungu," akaanza kufikiri atahamia wapi. Aliyemtia shaka ni Maalim. Mtu kapewa karatasi ya kuuza shamba zima, na mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari, nani atamuuliza?

Akaanza kumchunguza. Maalim aliyezoea kupita mlangoni pake na kutoa salamu, sasa alipita nyuma, njia ya mgombani. Alikwenda mjini kwa kadhi mara mbili katika wiki moja, na aliporudi hakusema neno. Kisha asubuhi moja Bi Mize akakuta mikarafuu ishirini imepigwa mstari wa chokaa, usawa wa kifua cha mtu. Haikufuatana. Mmoja huku, mitatu kule, mingi yake mizuri, na miwili iliyokauka vilele.

"Anajiuzia mwenyewe," alimwambia jirani yake, Bi Raya. "Keshajichagulia."

"Mwenzangu, Maalim? Na ndevu zile?"

"Ndevu hazitii saini."

Akachukua maji na kumbi la nazi, akaosha miti yote ishirini. Baada ya siku mbili chokaa ilirudi, mahali pale pale. Akaosha tena, safari hii akisugua mpaka pasibaki hata doa. Alikuwa kwenye mti wa mwisho Maalim alipotokea.

"Asalaam alaykum, Bi Mize. Naona miti inaogeshwa."

"Waalaykumu salaam. Imechafuliwa, Maalim. Sijui na nani."

Maalim aliinamisha kichwa. "Subiri Alhamisi, dada," akasema, akaenda zake. Bi Mize aliyasikia maneno yale kama kitisho. Siku zote zilizobaki hakula akashiba.

Alhamisi baada ya adhuhuri walikuja mnunuzi, Bwana Rubea bin Saidi, kijana mfanyabiashara wa mjini, na mashahidi wawili waliotumwa na kadhi. Wanakijiji nao walijaa uani, kila mmoja akiuona msikiti wa mawe machoni. Maalim alipoikunjua hati, Bi Mize alisimama.

"Kabla hujatia saini, Maalim, waambie watu chokaa ile ilikuwa ya nani."

"Ilikuwa yako, Bi Mize."

Maalim akaendelea kwa upole, "Marehemu baba yenu aliacha mtoto mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, hakuacha mrithi mwingine. Shamba hili halijagawanywa mpaka leo. Katika miti sitini, arubaini ni ya Shaame, ishirini ni yako, na kiwanja cha nyumba hii kimo katika fungu lako. Nimekwenda kwa kadhi nikamuuliza. Mtu hawezi kunipa uwakala wa kuuza asichokimiliki, hata kwa ajili ya msikiti."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasema umemsamehe kaka yako kabla hujajua unamsamehe nini. Kadhi akaniamuru nigawe kwa uadilifu, mizuri na mibaya, niitie alama, nikueleze mbele ya mashahidi."

Miaka ishirini na tano Bi Mize alikuwa akimshukuru kaka yake kwa kumwachia pa kulala. Aliyekuwa ameshika haki yake ni yule asiyemshuku, na aliyemshuku ndiye aliyekuwa akimrudishia.

Bwana Rubea akaguna. "Vizuri. Alama ziko wapi?"

"Zimeoshwa," akajibu Maalim. "Mara ya kwanza zilibaki kidogo, nikazifuata. Sasa siwezi kuziapia."

"Basi nani anaijua hiyo ishirini?"

"Aliyeiosha."

Rubea akacheka. "Mwanamke achague mwenyewe? Ataniachia magogo, Maalim!"

Bi Mize alijua kila mti wa shamba lile, upi hauzai, upi huzaa hata mvua ikichelewa. Hapakuwa na mwingine wa kumkosoa ila Mola wake. Akatangulia, mashahidi wakimfuata, akiweka kiganja juu ya mti mmoja mmoja. Kwenye mti wa kumi na moja Rubea akashindwa kujizuia.

"Huo umekauka kilele, bibi."

"Nauona. Ndio niliouosha."

Rubea aliinunua ile arubaini siku hiyo hiyo. Kwa fedha zilizopungua, msikiti ulipata kuta za mawe na paa la makuti, na wako walionung'unika miaka mingi. Bi Mize alimwomba radhi Maalim mbele ya wote. Maalim akasema, "Na mimi unisamehe. Nilinyamaza mpaka nikakutia dhambini."

Mzee Shaame aliporudi na kuelezwa, alimwita dada yake barazani. Kisha akasema, "Kumbe nimetufu Kaaba na shamba la dada yangu shingoni." Akamwomba radhi, naye akampa, miti hakumpa.

Amana iliyoandikwa kwenye karatasi haimzidishii mtu mamlaka juu ya haki ya mwingine. Shaka nayo si dhambi ikiuliza waziwazi. Huwa dhambi ikijibu yenyewe.

Mzee Shaame, Maalim Khatibu, Bi Raya na mashahidi wote wawili wa kadhi wamekwisha tangulia mbele ya haki. Bi Mize aliwafuata mwaka 1971. Aliye hai ni Bwana Rubea bin Saidi peke yake. Macho yamemwisha, lakini akipelekwa shambani huomba ashikishwe ule mti wa kumi na moja.