Gari Lisilopiga Hodi

Kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kununua gari bila kutenda dhambi.

Mnacheka? Chekeni. Lakini bwana huyu hakuwa mnafiki kama baadhi yetu tuliokuja na magari tukaegesha mbele ya mlango wa kanisa mpaka akina mama wanapita kwa ubavu. Alikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu, ambayo ikiwashwa asubuhi mtaa mzima unajua kumekucha. Moshi wake mweusi ungedhani kuna harusi inapikiwa ndani ya injini. Na mkabala na lango lake, ng'ambo ya njia, alikaa mama mmoja asiyeona, mwalimu wa muziki aliyestaafu. Kila asubuhi mama huyo alivuka njia ile peke yake, na fimbo yake nyeupe, kwenda kufundisha kwaya ya watoto. Na kila asubuhi ule moshi ulimkuta langoni, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Bwana alikuwa akimwona kwenye kioo cha pembeni. Siku moja moyo ukamchoma kweli. Akasema, "Haiwezekani. Namlisha jirani yangu masizi kila asubuhi. Nabadilisha gari."

Lakini achukue gari gani? Hapo ndipo nampenda huyu bwana, maana alikuwa mtu wa kuuliza. Akaanza na fundi wake.

"Fundi, nichukue la petroli?"

"Petroli ni afadhali kwa moshi unaouona," fundi akasema. "Ule usiouona bado upo, boss. Unapanda juu huko unapasha dunia joto. Na litakunywa mafuta kuliko hii pikapu."

"Basi dizeli mpya?"

"Dizeli mpya ina chujio la masizi, safi kabisa. Lakini chujio lile linataka safari ndefu, lipate moto, lijisafishe. Wewe safari zako ni nyumbani na sokoni. Litaziba, utarudi hapa kunililia."

"Na la umeme?"

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, akamwangalia kama mtu aliyesikia mkewe anaolewa kwingine. "La umeme? Halina oili ya kumwaga, halina plagi, halina nini. Sasa mimi na wewe tutaonana wapi tena?"

Bwana akarudi nyumbani na maswali zaidi. Akaingia YouTube. Betri inatengenezwa kwa madini gani? Nani anayachimba, na analipwa nini? Ikizeeka hiyo betri, inatupwa kwa nani? Na umeme wenyewe unatoka kwenye maji, kwenye jua, au kuna mtu mahali anachoma mafuta ili mimi nijisikie msafi? Maswali mazuri! Ningekuwa mhadhiri ningempa A, halafu aende akae nyumbani na hiyo A yake kama sisi wengine. Maana tusidanganyane: mtu akipima carbon footprint, ile hewa chafu kila mmoja anayoiachia dunia, hapa kanisani leo, mimi nawashinda wote, hata mchungaji. Natembea kwa miguu. Si kwa sababu ya tabianchi, ni kwa sababu hakuna mahali ninapongojwa saa mbili asubuhi.

Tuendelee. Bwana aliuliza fundi, akauliza shemeji, akauliza wale wanaojaza mafuta stesheni, akauliza WhatsApp group nzima ya ukoo. Kuna mtu mmoja tu ambaye hakumuuliza. Wekeni kidole hapo, nitarudi.

Akanunua la umeme. Na hakufanya nusu nusu, hapana, aliweka na paneli za jua juu ya paa, alichaji kwa jua la Mungu mwenyewe. Kanisa likaombea gari. Watu wakapiga picha. "Zero emission," bwana akawa anasema, na kifua kimepanda. Hakuna moshi. Hakuna mngurumo. Gari linatoka langoni kama paka anayetoka jikoni na samaki.

Asubuhi iliyofuata mama akasimama langoni pake kama kawaida. Akatega sikio. Kimya. Akanusa. Hewa safi. Akasema moyoni, leo jirani hayupo. Akatoa fimbo mbele, akaingia njiani.

Kra!

Gurudumu lilikuwa limepanda fimbo, limeivunja. Bampa ilisimama ikigusa sketi yake.

"Nani huyo?" mama akapiga kelele.

"Pole, mama! Pole sana! Ni mimi!"

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi!"

"Jirani yako."

"Jirani gani huja kimyakimya kama mwizi?"

Habari ikamfikia kaka yake mama, akaja mbio. "Dada, imetosha. Funga vitu, tukakae kwangu. Hapa utapondwa." Mama akakataa. Lakini mdomo ulikataa, miguu ikakubali, maana tangu siku ile hakuthubutu kuvuka. Watoto wa kwaya wakawa wanakuja ukumbini, wanakaa, wanarudi makwao. Kaka akaanza kufunga vyombo.

Sasa nawauliza ninyi, bwana afanye nini? Arudishe dizeli, amwachie mama miguu yake na kumwondolea mapafu? Abaki na umeme, amponye mapafu na kumfungia ndani? Mnaona tunavyokodoa macho? Na tulidhani swali lilikuwa la mafuta.

Bwana akapata jibu la haraka: honi. Kila akitoka, paaa! Akikaribia kona, paaa! Mama akawa anaruka, anajibana ukutani, na bado havuki. Mwisho bwana akateremka, akamfuata.

"Mama, si napiga honi? Husikii?"

"Nasikia vizuri. Inalia mara moja inanyamaza, na wewe unaendelea kuja. Na honi ni amri, bwana. Honi inasema toka. Mtu mwenye adabu akifika kwangu hupiga hodi."

"Sasa gari lipige hodi?"

"Gari halina mdomo. Wewe je?"

Bwana akageuka kulitazama gari lake.

"Ile pikapu yako ilinikohoza," mama akasema, "lakini ilikuwa na adabu. Ilikuwa inanisalimia kabla hujafungua lango."

Kesho yake watu walichungulia madirishani wakadhani bwana amerukwa na akili. Ameshusha vioo vyote, gari linatambaa, na yeye anaita: "Hodi! Hodi jamani! Hodi!" Mama alikuwa langoni na fimbo mpya. Nyuma yake kaka ameshika begi.

"Nani?" mama akaitikia.

"Mimi, ji..." Bwana akajikata. "Mimi Mghanga."

Mama akacheka mpaka kikohozi kikamrudia. "Mghanga! Kumbe una jina! Mimi miaka yote hii nakuita Dizeli."

Bwana naye akataka kucheka, cheko likakwama. Kwa sababu nyumbani kwake, mezani, mama huyu alikuwa akiitwa "yule kipofu".

"Na mimi ni Wakesho," mama akasema, kana kwamba amemsikia. "Ngoja hapohapo. Mwenye kupiga hodi husubiri." Akavuka mbele ya gari, kiganja kikipapasa boneti, taratibu, bila kushikwa na mtu. Alipofika ng'ambo ndipo akageuka. "Haya, Mghanga. Karibu, pita."

Kaka akaweka begi chini.

Ndugu zangu, gari la umeme halikuwa kosa. Lilikuwa zuri, na aliyenalo asilirudishe. Lakini lilipomnyamazishia bwana yule injini, ndipo ilipojulikana kwamba miaka yote ni injini iliyokuwa ikimsalimia jirani. Yeye mwenyewe hajawahi.

Sisi tunapenda sana neno mazingira. Semina za mazingira, fulana za mazingira, na chakula cha mchana cha mazingira. Mazingira ni nini? Ni kile kinachokuzingira. Kabla ya mawingu, kabla ya barafu inayoyeyuka huko mbali, kilichomzingira bwana yule kilikuwa mama mmoja, hatua chache kutoka langoni. Alimhurumia mapafu. Aliuliza dunia nzima kuhusu mapafu hayo. Mwenye mapafu hakuulizwa.

Sasa fumbeni macho. Wote, na wewe mzee wa kanisa, acha hiyo saa. Hatuombi. Nataka kila mtu ataje jina la aliyekaa kushoto kwake. Si "mama nani hii", si "mzee", si "yule wa duka". Jina lake. Kwa sauti.

Haya.

Nimesikia moja tu, benchi la nyuma, na hilo lilikuwa kama swali.

Bakini hivyohivyo, msifumbue. Sikilizeni kimya hiki kilivyo safi. Hakina moshi hata kidogo.