Vipando vya Bi Siwema

Kipando kiulizwacho mizizi hakishiki.

Ndivyo nilivyomwambia baba yenu leo asubuhi, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza nimeyatoa wapi maneno yale. Sikuyatunga mimi. Kaka yenu ana wiki tatu tu tangu aweke cherehani yake kule mjini, na baba yenu kila siku anampigia simu: “Vipi, wateja wameshakuja?” Mtu atashona saa ngapi? Haya, kaeni vizuri, na wewe acha kumfinya mwenzako. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Pangani palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Siwema, mpishi wa pilau za harusi. Mnene, mcheshi, mkali kama pilipili mbuzi. Jikoni kwake palikuwa na sheria moja, na mji mzima uliijua: pilau ikishapaliwa makaa juu ya kifuniko, hakuna kufunua mpaka yeye aseme. Ukifunua, unakula mwiko wa mgongo wa mkono. Jirani yake Chausiku, aliyekuwa akimsaidia kupika, aliula mwiko huo katika harusi ya kwanza aliyosaidia, mbele ya akina mama wote. Mkono ulipona. Kusahau hakusahau.

Sasa, katika nyumba ya kwao Bi Siwema, uani, karibu na kisima, palikuwa na mwasmini wa marehemu mama yake. Mabibi harusi wote wa ukoo ule walivaa vikuba, vishada vya kunukia vya maua ya mti huo. Mama yake alivaa, yeye alivaa, na binti yake, Mungu amrehemu, alivaa pia. Aliyebaki alikuwa mjukuu wake Zaituni, aliyemlea tangu anatambaa, na Zaituni alikuwa ameshaposwa. Harusi ingekuwa mwaka unaofuata.

Basi warithi wakaiuza nyumba. Mnunuzi, Bwana Sefu, alikuwa mtu wa adabu zake. Alikuja mwenyewe kumwambia, “Bibi, uani natia saruji. Mafundi wanaingia baada ya Maulidi. Kata vipando utakavyo, mlango uko wazi.” Kuung'oa mti mzima hakukuwezekana, maana shina lilikuwa limejipenyeza chini ya mawe ya kisima.

“Jambo dogo hilo,” akasema Bi Siwema. “Kijiti tu cha kuchomeka ardhini! Mimi nimeshapika pilau ya watu elfu.”

Akaenda akakata ncha zilizojaa maua, nzuri kweli kweli, akazichomeka kwenye kopo la samli. Siku ya tano zikalala chali. Chausiku akachungulia ukutani akamwambia, “Bi Siwema, hizo bado changa, tena zina maua. Kijiti kikilisha maua, nguvu ya kutoa mizizi kitaitoa wapi? Kata tawi lililokomaa, nene kama kalamu, uyapunguze majani.”

Akakata yaliyokomaa. Lakini kopo halikuwa na tundu hata moja chini, naye akayanywesha maji asubuhi, mchana na jioni. Vijiti vikawa vyeusi, vikanuka. Akalitoboa kopo kwa msumari, akachanganya udongo na mchanga wa mtoni, akaliweka juu ya ukuta “lipate jua”. Jua la Pangani mnalijua. Vikawa kuni.

Kufikia hapo moyo ulianza kumwenda mbio. Maulidi yalikuwa yamebaki wiki sita, na kila alipomwona Zaituni akipita na ndoo yake kichwani aliona aibu, kama aliyeahidi mtoto kitu akakipoteza. Usiseme ni maua tu. Binti yake alikufa kijana, hakuacha picha wala kanga isiyochakaa. Kitu pekee cha mama yake kilichobaki cha kumvika Zaituni kilikuwa maua ya ule mti.

Safari ya nne alifanya kila kitu sawasawa. Matawi ya kukomaa, majani mawili mawili juu, udongo mwepesi, makopo yenye matundu, kivulini chini ya banda la jiko, maji ya kunyunyiza tu. Kila asubuhi, baada ya kuswali, alikwenda mwenyewe kuvijulia hali. Wiki ya kwanza vilikuwa kijani. Wiki ya pili, kijani. Wiki ya tatu kimoja kikanywea, kisha cha pili, kisha vyote.

“Sina mkono,” Bi Siwema akamwambia Zaituni, na machozi yakamlenga. Halafu akayafuta kwa ncha ya kanga, hasira zikampanda. “Au nina jicho la mtu! Huyu Chausiku kila akipita: 'Vimependeza, vimependeza.' Nani alimsikia akisema mashaallah?”

“Bibi, si ndiye aliyekufundisha?”

“Ndiyo maana! Anajua pa kuvipiga.”

Toba! Mwenye jambo lake lazima amtafute wa kumtupia. Siku hiyo akapanda vingine, akavifunika kwa ungo Chausiku asivione, na salamu ukutani zikawa za mkato. “Hujambo.” “Sijambo.” Basi.

Chausiku hakuwa mtu wa kununiwa bila kujua kosa. Asubuhi ya nne akaona heri aulize. Akazunguka kwa mlango wa uani, akaingia bila hodi kama jirani aingiavyo, na hapo hapo akasimama.

Bi Siwema alikuwa amechuchumaa mbele ya makopo, miwani puani. Alishika kijiti cha kwanza, akakivuta taratibu mpaka kikatoka chote. Akakipangusa udongo kwa kidole gumba, akakigeuza huku na huku, akakileta karibu na miwani. “Bado,” akakiambia, kwa upole kabisa. Akakirudisha shimoni, akakishindilia. Akahamia cha pili.

“Bi Siwema!” Chausiku akapiga kelele. “Unafanya nini?”

Bi Siwema akaruka, miwani ikamdondoka. “Ala! Hodi huijui? Naangalia kama vimetoa mizizi.”

“Unaviangalia hivyo tangu lini?”

“Tangu mwanzo. Kila siku. Mimi si mvivu wa kuhudumia kitu changu.”

“Vyote? Hata vile vya wiki tatu?”

“Hata vile. Mbona kimoja kilikuwa na vijinyuzi vyeupe, vidogo kama nywele, nikamwita Zaituni aje aone. Kesho yake nilipovuta sikuviona tena.” Akasita. Akakitazama kijiti alichoshika. “Sikuviona tena,” akarudia, polepole.

Chausiku akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. “Mama yangu wee! Wewe? Wewe uliyenipiga mwiko kwa kufunua sufuria mara moja tu? Ulisema nini siku ile? Hebu sema.”

Bi Siwema akajifanya anatafuta miwani yake.

“Sema, Bi Siwema.”

“Nilisema… pilau ikishapaliwa makaa, anayefunua anaitoa mvuke, na anayefunua kila mara ataila mbichi.”

“Haya. Na kipando, mvuke wake uko wapi? Si huko chini gizani unakokwenda kukichokonoa kila siku, unakiuliza, 'Mizizi iko wapi? Iko wapi?' Kipando kiulizwacho mizizi hakishiki, mwenzangu!”

Bi Siwema akatazama chini. “Chausiku mwanangu,” akasema, “mimi nilikuwa nasema ni jicho lako.”

“Nilijua ninanuniwa. Jicho lilikuwepo, ila lilikuwa na miwani.”

Wakacheka wote wawili. Lakini kicheko hakikufika mbali, maana siku ile ile mafundi wa Bwana Sefu waliingia, wiki mbili kabla ya Maulidi, kwa kuwa saruji ilikuwa imefika mapema. Zaituni alikuja mbio na habari. Walipofika pale, mwasmini ulikuwa chini, umekatwakatwa, umerundikwa pembeni ya kisima. Bi Siwema akasimama mdomo wazi. Chausiku ndiye aliyejitoma kwenye rundo akatoka na tawi moja zima, nene, lisilo na maua.

Likatoa vijiti vitatu. Vile vilivyochokonolewa wakavitupa, hivi wakavipanda kwenye kopo moja, kivulini. Kisha Chausiku akaenda jikoni, akarudi na makaa baridi, akayapanga juu ya udongo kuzunguka vile vijiti, moja moja.

“Nimepalia,” akasema. “Yako kumi na saba, na mpango wake naujua. Likisogea moja, nakuja na mwiko.”

Jamani, siku zile! Bi Siwema aliamka, akaswali, akaenda mpaka kwenye kopo, akafunga mikono nyuma kama mwizi aliyekamatwa, akarudi. Alipika harusi mbili ili mikono iwe na kazi. Siku ya kumi na mbili kijiti kimoja kikafa, akalia, lakini hakugusa. Siku ya ishirini akayasogelea makaa kwa kidole, akasikia Chausiku akikohoa ukutani, akajifanya anafukuza nzi.

Siku ya thelathini na sita, pembeni ya kijiti cha katikati, palikuwa na kitu kijani kidogo kama punje ya mchele. Kesho yake kilikuwa majani mawili.

“Chausikuuu! Zaituni! Njooni! Kimeshika! Na sikukiuliza kitu!”

Mwaka uliofuata Zaituni aliolewa. Mwasmini mchanga ulitoa maua tisa tu, mengine ya kikuba yalitoka kwa majirani. Bi Siwema aliyafunga yale tisa katikati, akamvalisha mwenyewe, wala hakuna aliyeweza kumnyamazisha kulia.

Mngedhani hadithi imekwisha. Miezi minne baada ya harusi, akina mama walikuwa wakichambua mchele uani kwa Bi Siwema, na Zaituni akaja kusalimia. Macho yote yakamshuka tumboni. “Vipi, mwali? Bado?” “Hata dalili?” “Mwenzio wa mtaa wa pili ameshapata.” Zaituni akainama akawa anafungua na kufunga pindo la kanga yake. Wiki ile ilikuwa mara yake ya tano kuulizwa.

Bi Siwema akapiga mwiko ubavuni mwa sufuria, kwaa!

“Kipando kiulizwacho mizizi hakishiki!” akasema. “Mwulizeni Chausiku, nilivyoviua kwa kuviuliza. Mwacheni mtoto wa watu apumue.”

Chausiku akasema, “Imeshapaliwa hiyo, asifunue mtu,” na akina mama wakacheka, wakarudi kwenye mchele. Tangu siku ile hakuna aliyemwuliza Zaituni tena, na maneno yale yakatoka uani, yakaenda mtaani, mpaka yakawa ya mji.

Nami nayajua vizuri, maana kikuba kile chenye maua tisa nilikivaa mimi. Huyo baba yenu alichelewa miaka mitatu, akaja kwa wakati wake, akiwa na afya tele. Leo ndiye anayemsumbua mwanawe kwa simu! Mwiteni hapa. Hapana, ngojeni, mpelekeeni kwanza ua moja la ule mwasmini pale dirishani, halafu mwambieni bibi anasema: kipando kiulizwacho mizizi hakishiki.