Ufunguo wa Pikapu ya Mzee Mwampeta

Hapo zamani, lakini si zamani ya wafalme na majini. Ni zamani ile ambayo baadhi yenu mlikuwa mmekwisha kuzaliwa, ila mlikuwa hamjajua kusikiliza. Basi leo sikilizeni taratibu, maana nami nitasema taratibu.

Katika kijiji cha Kilasilo, juu milimani upande wa Rungwe, aliishi Mzee Mwampeta na mkewe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama tu. Walikuwa na mwana wa kiume, Angolile, fundi wa kujenga. Walikuwa na binti, Tupokigwe, mshonaji wa nguo. Na walikuwa na mpwa wao, Lugano, dereva, waliyemlea tangu wazazi wake walipotangulia.

Mzee Mwampeta alikuwa na migomba mingi na gari hakuwa nalo. Ndizi zilibebwa kichwani mpaka barabara ya lami, na huko mwenye lori ndiye aliyetaja bei. Ukimkatalia, anakaa ndani ya lori lake anakula karanga, anakungoja. Anajua ndizi ikishakatwa hairudi mgombani.

Siku moja mzee akasema, "Basi. Tutanunua gari letu wenyewe."

Fedha yake ilitosha kianzio tu. Iliyobaki ilikuwa ni ya kukopa. Na hapo ndipo penye kisa, kwa sababu Mzee Mwampeta hakuwahi kukopa maishani mwake. Mama alipokopa chumvi kwa jirani, mzee alikula mboga bila chumvi mpaka chumvi ya watu iliporudishwa.

Wakateremka wote watano mpaka Mbeya, kwenye yadi ya magari ya Bwana Chengula. Bwana Chengula akawapokea kwa mikono miwili, akawaamkia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, baba! Karibu, mama! Mmefika kwenyewe. Tazameni pikapu hii ya bluu. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, alikuwa akiendea kanisani tu."

Lugano akapiga magoti, akachungulia chini ya gari. "Huyo mwalimu kanisa lake lilikuwa bondeni kwenye mpunga? Mbona matope yamepanda mpaka huku juu?"

Bwana Chengula akacheka mpaka akashika tumbo. "Kijana ana macho huyu! Haya, lilikuwa gari la shamba. Lakini sikiliza injini, baba. Injini haijui kusema uongo kama mimi."

Wakasikiliza injini. Lugano akatikisa kichwa kukubali. Bwana Chengula akaacha mzaha, akaeleza masharti.

"Leo mzee unalipa kianzio, unaondoka na gari. Kila mwisho wa mwezi unaleta marejesho. Kadi ya gari inabaki kwangu mpaka shilingi ya mwisho. Ukikosa miezi miwili mfululizo, gari linarudi hapa yadini, na ulichokwisha kulipa hakirudi."

 Mzee akawageukia watu wake, akasema mbele ya wote:

"Ninanunua gari hili ili ndizi zetu zishuke kwa heshima. Lakini deni sijalizoea, na sipendi kulala nalo, wala kuzikwa nalo. Atakayenitoa katika deni hili, ufunguo ni wake."

Mama akasikia. Akalifunga neno hilo moyoni kama mtu anavyofunga sarafu kwenye pindo la khanga.

Bwana Chengula akasema, "Kuna jambo moja zaidi, baba. Kuna bima ya mkopo. Unalipia leo mara moja. Mwenye mkopo akifariki, bima inalipa deni lote lililobaki siku hiyo."

Mzee akamtazama. "Siku ninayonunua gari ndiyo unanitabiria kifo? Siku zangu ziko mikononi mwa Bwana. Sitaki."

Akaenda zake kuizunguka pikapu, anaigusa kama mtu anayegusa ng'ombe mnadani. Mama, Angolile na Lugano wakamfuata.

Tupokigwe akabaki nyuma. Alikuwa amebeba fedha ya kununulia cherehani mpya, aliyoiweka kwa muda mrefu. Akaikabidhi kwa Bwana Chengula.

"Hii ni ya bima."

"Dada, baba yako amekataa."

"Baba amekataa kuilipia. Hakukukataza kuipokea kwangu."

Mzee alipoletewa karatasi akaweka sahihi kila alipoonyeshwa, kama sisi sote tunavyoweka. Na Tupokigwe akarudi nyumbani bila cherehani. Alipoulizwa akasema bei zimepanda.

Basi ndizi zikaanza kushuka kwa heshima. Lugano akaendesha. Mvua ikanyesha, Lugano akaendesha. Barabara ikawa uji, Lugano akakata matawi akayaweka chini ya tairi, akaendesha. Mshahara hakudai. Alikula mezani kwa mjomba wake, akavaa alichopewa. Jumapili tu ndiyo pikapu ilipumzika, kwa kuwa mzee alisema hata injini ni kazi ya mikono ya watu na watu wana siku yao ya saba.

Kila mwisho wa mwezi Lugano alileta fedha, ikatumwa kwa simu kwa jina la mzee. Na kila mwisho wa mwezi mzee alimshika bega, akasema, "Lugano, umenitoa tena mwezi huu."

Mama akasikia. Akalifunga na neno hilo.

Hivyo ndivyo nusu ya deni ilivyokwisha.

Kisha, Jumapili moja baada ya ibada, Mzee Mwampeta aliinama kufunga kamba ya kiatu penye mlango wa kanisa, na hakuinuka tena. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Kuna vifo vinavyomchelewesha mtu kitandani na kuna vifo vinavyomkuta amevaa nguo safi. Anayefiwa haoni tofauti.

Sasa, Kilasilo wana desturi yao. Jeneza likiwa limeshuka, kabla udongo haujatupwa, mzee wa kanisa huuliza, "Nani anamdai ndugu yetu?" Likitajwa deni, huuliza tena, "Nani analibeba?" Na mpaka apatikane wa kulibeba, hakuna anayegusa jembe. Watu watasimama hapo hata kama mvua inanyesha.

Mzee wa kanisa akauliza, "Nani anamdai ndugu yetu?"

Mama akajibu, "Yadi ya magari ya Mbeya inamdai nusu ya mkopo wa pikapu."

"Nani analibeba?"

 Lugano alitaka kusema, lakini mali yake ilikuwa mikono miwili tu, na watu hawapokei mikono mahali pale, wanapokea mali. Tupokigwe alifungua mdomo, akaufunga. Angesema nini? Kwamba alikuwa amelipia kifo cha baba yake wakati baba akiwa hai, tena kwa siri, tena baada ya baba kukataa? Siku ya msiba watu wanatafuta nani ameua. Wangemtazama yeye, na macho yale yasingeondoka mpaka uzeeni.

Angolile akapiga hatua mbele. "Ninalibeba mimi. Leo hii baba yangu hadaiwi na mtu. Tupeni udongo."

Wakatupa udongo. Mama akasikia. Akalifunga na neno hilo pia.

Mwezi ule ule mto ukafurika, ukaondoka na daraja. Pikapu ikabaki ng'ambo hii, haina pa kupita. Lugano akashika jembe. Angolile akauza ng'ombe wake wa maziwa, akatuma marejesho kwa simu, kwa jina la baba yake, kama ilivyozoeleka. Bwana Chengula huko Mbeya akapokea, akidhani mzee yu mzima na anaendelea kulipa. Mwezi mwingine Angolile akauza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya nyumba yake. Mwezi mwingine tena akaanza kumtafuta mnunuzi wa shamba.

Ndipo mke wa Angolile akaenda kwa Tupokigwe kupunguziwa gauni la mtoto. Akasema, bila kulalamika, huku akipima kiuno cha mtoto kwa mkono, "Wifi, siku hizi tunakunywa chai ya rangi. Na huyu amekonda, kama unavyoona."

Tupokigwe akaweka mkasi chini. Kesho yake akavuka mto kwa miguu, akaenda Mbeya, akamwambia Bwana Chengula kwamba baba alikwisha kuzikwa.

Bwana Chengula akasimama. "Dada! Mzee amefariki, na mimi napokea fedha ya mtu aliyepumzika? Kwa nini hamkuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Niliogopa nyumbani."

Bima ikalipa deni lote lililokuwapo siku aliyokufa mzee. Na Bwana Chengula, ambaye angeweza kukaa kimya na fedha ya Angolile, hakukaa kimya. Alipanda milima mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, akaileta fedha hiyo yote na kadi ya gari.

Wakakutana sebuleni kwa Mama. Bwana Chengula akawaeleza habari ya bima, kisha akasema, "Nipeni jina, nikabadilishe kadi. Jina moja."

Lugano akasema kwanza. "Mama, kulea hakulipwi, najua. Lakini mzee alisema, atakayenitoa. Nusu ya deni ililipwa mzee akiwa hai, akijua, akishukuru. Nani aliilipa? Nilisukuma gari lile matopeni kuliko lilivyonibeba. Na yeye mwenyewe alikuwa akiniambia kila mwezi, Lugano, umenitoa tena. Hakuna mwingine humu ndani aliyeambiwa neno hilo na kinywa chake."

Angolile akasema, "Ndugu yangu, uliendesha vizuri. Lakini ulilipa kwa ndizi za baba, juu ya gari la baba. Mimi nimelipa kwa ng'ombe wangu. Baba alisema hataki kuzikwa na deni. Siku ya kuzikwa ilikuwa moja tu, na siku hiyo mlinyamaza wote wawili. Ningenyamaza na mimi, tungekuwa tumesimama kaburini mpaka leo. Na miezi ile ningekosa kulipa, pikapu ingekuwa yadini na hii kadi tusingeiona."

"Lakini fedha yako yote imerudi," akasema Lugano. "Iko hapo mezani. Basi umelipa nini?"

"Fedha imerudi. Neno nililosema kaburini limerudi? Na maziwa ambayo mtoto wangu hakunywa, Bwana Chengula ameyaleta kwenye mfuko upi?"

Tupokigwe akasema mwisho, macho chini. "Mimi nilinunua kufutwa kwa deni kabla ninyi hamjalibeba. Lugano alipunguza deni. Kaka alilishika. Aliyelifuta ni nani? Cherehani yangu ndiyo iliyolifuta."

Angolile akamgeukia. "Ulilifuta, halafu ukakaa unaniangalia nauza ng'ombe! Na baba alikataa bima hiyo kwa maneno yake. Unadai zawadi kwa kumkaidi?"

"Nilimkaidi, kaka. Na kwa kumkaidi, watoto wako wana shamba. Nilinyamaza kwa sababu ningesema pale, ungekuwa wa kwanza kuniuliza nilijuaje kwamba baba atakufa. Sema kweli. Usingeniuliza?"



Bwana Chengula akakohoa. "Nimeuza magari mengi, sijawahi kuona watu wanagombania gari na hakuna hata mmoja aliyeniuliza bei. Mama, kwa nini msiliuze? Nitalinunua mimi, mgawane."

Mama akasema, "Mume wangu hakuniachia fedha ya kugawa. Aliniachia neno. Alisema ufunguo."

Akainuka. Akashika pindo la khanga yake, akafungua fundo. Ufunguo wa pikapu ukaanguka kiganjani mwake. Akafumba mkono, akasimama katikati yao watatu.  Alimtazama Lugano, akamtazama Angolile, akamtazama Tupokigwe. Akatembea moja kwa moja hadi kwa mmoja wao, akamwambia, "Chukua. Ndivyo alivyosema."

Kwa nani? Aliyenisimulia hadithi hii alikuwa akiishia hapo hapo kila mara, kwenye kiti kile mnachokiona, akinicheka ninavyobisha. Sasa naye amekwenda kupumzika na hakuniambia. Sina wasiwasi. Mungu anajua, na Mama alijua.

Lakini ninyi mliokaa hapa bado mna pumzi na mna akili. Mmoja aliifanyia kazi nusu ya deni, akashukuriwa na mzee akiwa hai. Mmoja alilibeba mbele ya kaburi, wengine waliponyamaza. Mmoja alikuwa amekwisha kulifuta, kwa siri, kwa kukaidi, na kwa cherehani yake.

Je, nani alimtoa Mzee Mwampeta katika deni? Nani alistahili ufunguo?