Ufunguo wa Kanisa la Kambi Saba

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu ambayo baadhi ya waliokuwapo bado wanatembea, palikuwa na kambi ya wakata mkonge chini ya milima ya Usambara. Kambi ile haikupewa jina, ilipewa namba. Iliitwa Kambi Saba. Watu wake walitoka pande zote za nchi. Kila mmoja alikuja kwa mkataba wa miaka miwili, akakaa ishirini. Juu mlimani, mwendo wa saa nne kushuka na saa sita kupanda, ulikuwapo usharika wa Kwemtindi, wenye kanisa la mawe, kwaya tatu, na kengele iliyosikika mpaka kambini. Watu wa chini waliisikia kila Jumapili, wakaendelea na kazi zao. Haikuwa inawaita wao.

Katika kambi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi. Alitoka Tabora akimfuata mumewe, mume akafariki, naye akabaki akifanya kazi ya kuanika singa za mkonge juani. Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta maisha mjini, akamwachia mjukuu, binti mdogo jina lake Kabula. Nyamizi alikuwa mrefu, mwenye mikono iliyochanika kwa miiba, na hakuwa na desturi ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu.

Jumamosi moja alishuka mwinjilisti kutoka Kwemtindi, Zakaria Shemndolwa, kijana bado, na mkoba wa vitabu begani. Akasimama kwenye banda la kupimia matita ya mkonge, akaimba peke yake. Watu walipita. Wengine walisimama kidogo, wakacheka, wakaenda zao. Nyamizi aliingia bandani kwa sababu lilikuwa na kivuli na miguu ilimuuma. Akaketi. Zakaria akafungua kitabu, akahubiri saa nzima kwa sauti ya mtu aliye mbele ya watu mia. Alipomaliza, Nyamizi akamwuliza:

"Mwalimu, maneno yote hayo ulikuwa unamwambia nani?"

"Nauambia usharika wangu, Mama."

"Uko wapi huo usharika?"

"Umeketi hapo."

Nyamizi alicheka mpaka akajifuta machozi. Lakini Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, na ile iliyofuata. Kambi nzima ikamwita kwa dhihaka, "Usharika! Usharika umeamkaje leo?" Naye akaitika kwa madaha, "Umeamka salama, isipokuwa wewe hujauongeza." Mwaka wa pili akabatizwa kwa maji ya ndoo, wa kwanza katika Kambi Saba.

Zakaria alishuka Jumamosi kwa Jumamosi, kiangazi na masika, miaka minane. Viatu viliisha akanunua vingine. Baada ya miaka minane, waliokusanyika bandani walikuwa kumi na mmoja. Siku moja wazee wa kanisa wa Kwemtindi wakamwita kikaoni.

"Mwinjilisti, kule chini una watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Miaka minane, watu kumi na mmoja?"

Zakaria alirudi nyumbani, akatundika mkoba ukutani. Jumamosi iliyofuata hakushuka. Wala iliyofuata. Zikapita Jumamosi kumi na nne.

Jumamosi ya kumi na tano Nyamizi alifunga khanga kiunoni, akaupanda mlima. Alipumzika mara nyingi kuliko alivyopenda. Alimkuta Zakaria anapalilia kabichi.

"Mwalimu, usharika wako umekuja."

Zakaria akasimama na jembe mkononi, hakujua pa kutazama. "Mama, mimi nimeshindwa."

"Nani kakwambia?"

"Wazee."

"Ni yupi kati yao aliwahi kushuka kule? Mimi ndiye nakaa kule, na mimi sijasema umeshindwa. Chukua mkoba wako twende, giza lisitukute njiani."

Zakaria akaangua kilio palepale katikati ya kabichi. Kisha akanawa mikono, akachukua mkoba. Hakukosa tena Jumamosi kwa kukata tamaa.

Sasa, sikilizeni jambo la pili.

Kwemtindi walikuwa na mazoea mazuri. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, vijana na akina mama wa usharika walishuka Kambi Saba kwa juma moja, juma la watoto. Waliimba, walicheza kandanda na rede, waliwafundisha hadithi za Biblia, walipika uji kwa masufuria makubwa. Mwaka huo unga ulikuwa tayari, nyimbo zimefanyiwa mazoezi, watoto wa kambi wanahesabu siku. Ikaja habari: surua imeingia Kambi Saba. Wazee wa kanisa wakatangaza kwamba juma la watoto limefutwa, na mtu yeyote asishuke.

Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake alikuwa Bi Eliwaza, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na makali. Alisimama kanisani, kitambaa cha Umoja kichwani.

"Wazee wangu, surua niliugua utotoni, hainirudii. Unga uko stoo, na watoto wako kule. Mimi nashuka."

"Mama Eliwaza, tumeshakataza."

"Nimesikia."

Akatafuta mwenye punda, akapakia magunia mawili ya unga na sufuria moja. Alikaa Kambi Saba siku thelathini na tano. Watoto arobaini na watatu waliugua, wa kambini na wa vijiji vya jirani. Alichemsha maji, aliwaosha macho, aliwanywesha uji kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko. Alitembea mpaka zahanati, akaketi mlangoni kwa mganga mpaka nesi akapewa sanduku la chanjo na kufuatana naye. Akina mama wa kambi, ambao hapo awali hawakumfungulia mlango mtu wa mlimani, walimwachia watoto wao mikononi.

Kabula alikuwa miongoni mwa waliozidiwa. Siku tatu hakufumbua macho. Nyamizi alikaa upande mmoja, Eliwaza upande wa pili, na Eliwaza akaimba tenzi kwa sauti ya chini, midomo imefungwa, kama mtu anayeshona. Siku ya nne Kabula akaomba maji. Nyamizi alitoka nje akakaa chini kwenye vumbi.

Watoto wawili hawakupona. Eliwaza aliwaosha mwenyewe, akawashonea sanda kwa mkono. Katika siku zile zote hakuhubiri neno hata moja. Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya ugonjwa kuisha, Zakaria alipofika bandani na mkoba wake, alikuta watu tisini wamesimama wanamsubiri.

Eliwaza aliporudi mlimani, wazee walimvua uenyekiti kwa kuvunja agizo. Akakivua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka mezani, akaenda kushona.

Na jambo la tatu ni hili.

Banda halikuwatosha tena watu. Wakaamua kujenga kanisa. Likizo iliyofuata vijana wa Kwemtindi walishuka kwa nguvu zote, wakabeba mawe kutoka mtoni, na kwa siku kumi ukuta ukafika mabegani. Walijivuna sana. Wakati huo akapita fundi Mbaruku, Mwislamu wa kijiji cha jirani, bingwa wa kujenga kwa mawe. Akasimama, akafumba jicho moja, akatazama.

"Vijana, ukuta huu utaua watu."

"Mzee, sisi tumejenga kwa maombi," akasema kiongozi wao.

"Nami sijakataza maombi. Nasema msingi ni mfupi."

Vijana wakanuna. Nyamizi alikuwa amebeba ndoo ya maji, akaitua. "Msimjibu fundi kwa midomo. Mjibuni kwa ukuta. Usukumeni."

Wakasukuma vijana watatu. Ukuta wote ukalala chini, vumbi likawafunika. Mbaruku akavua kanzu yake, akaikunja, akashika jembe, akaanza kuchimba msingi upya.

Alijenga viangazi viwili. Kila Ijumaa aliweka mwiko chini, akanawa, akaenda msikitini, akarudi. Ujira hakutaka. Wenzake walipomwuliza, "Mbaruku, umeanza lini kujenga makanisa?" aliwajibu, "Yule mama aliyeuguza watoto hakuuliza huyu wa nani na yule wa nani. Wa kwangu walikuwa wawili kati ya wale arobaini na watatu, wakapona. Na mimi siulizi." Mwaka wa pili, akipandisha kenchi za paa, alianguka, akavunjika mguu. Alilala miezi mitatu. Alirudi na mkongojo, akaketi kwenye kiti chini ya paa, akawaamrisha vijana kwa sauti mpaka bati la mwisho likapigwa msumari. Mguu haukunyooka tena.

Kanisa likasimama. Mawe meupe, bati linalong'aa, mlango mpana wa mninga. Siku ya kuliweka wakfu Kambi Saba haikuwa kambi, ilikuwa sherehe. Kwaya zote tatu za Kwemtindi zilishuka, na kwaya ya nne, ya Kambi Saba yenyewe, ikawapokea njiani ikiimba kwa lugha sita. Wale wazee wa kanisa, ambao hawakuwahi kushuka, siku hiyo walishuka, na fimbo zao. Nyamizi alisimama mbele amevaa gauni jipya, Kabula pembeni yake, sasa binti wa shule, mrefu kama bibi yake. Alitazama paa lile likimeta. Alikumbuka kivuli cha banda na miguu inayouma. Akajisemea moyoni, haya, Usharika, umeongezeka.

Baba Askofu alifika mlangoni na ufunguo mkononi. Desturi yao ni hii: askofu humkabidhi ufunguo mtu mmoja, na huyo hufungua mlango, akawa wa kwanza kuingia, na jina lake huchongwa kwenye jiwe la ukutani. Wazee wa Kwemtindi walikuwa wamebishana juma zima nani apewe, wasiafikiane. Baba Askofu akasema, "Kanisa ni la Kambi Saba, basi Kambi Saba iamue. Ni nani aliyebatizwa wa kwanza hapa?"

Watu wote wakamgeukia Nyamizi. Baba Askofu akamwekea ufunguo mkononi. "Mama, mpe yule aliyelileta kanisa hili hapa. Huyo ndiye atakayelifungua."

Zakaria ndiye aliyesema kwanza, nywele zake zimeingia mvi.

"Mama, sitajifanya mnyenyekevu. Ninautaka ufunguo huo. Nilishuka mlima huu miaka kumi na mitatu. Nilipokuja, hapakuwa na ugonjwa wa kunifungulia milango wala jiwe la kushika. Nilikuwa mimi na wewe. Asipokuwapo wa kuanza, hakuna wa kumalizia."

Eliwaza hakutaka kusema. Akina mama wa kambi wakamsukuma mbele. Akasema, "Mwalimu alileta neno, simnyang'anyi. Lakini alilileta miaka mingi na likaketi na watu kumi na mmoja. Tisini walikuja baada ya mimi kukaa na watoto wao. Na nilikuja nikiwa nimekatazwa, na nikavuliwa kitambaa changu mbele ya watu. Sikudai kitu. Ila mkiniuliza kama niliumia, niliumia."

Wazee wa Kwemtindi wakatazama viatu vyao.

Mbaruku aliinuka polepole, akaegemea mkongojo. "Mimi dini yangu ninayo, na siiachi. Kama mtasema mgeni asitajwe kwenye jiwe, sitagomba. Lakini Baba Askofu amesema aliyelileta kanisa. Neno linaweza kukaa bandani, na huruma inaweza kukaa nyumba kwa nyumba. Hiki mnachotaka kukifungua ni mlango, na mlango huu umesimama kwa sababu ukuta haukuanguka. Mguu wangu uko humo ndani."

Ndipo Kabula akapaza sauti, "Bibi, fungua wewe! Nani alipanda mlima kumfuata Mwalimu? Nani alisema ukuta usukumwe? Wewe ndiye usharika!" Na Kambi Saba nzima ikaanza kuita jina lile la zamani, safari hii bila dhihaka, wakipiga makofi: "Usharika! Usharika!"

Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama aliyemhubiria peke yake kama watu mia, na akakumbuka zile Jumamosi kumi na nne. Alimtazama aliyemrudishia Kabula, na akakumbuka kwamba hakuwahi kumsikia akilitaja jina la Mungu ila katika wimbo. Alimtazama aliyeutoa mguu wake kwa nyumba ambayo hatasali ndani yake. Aliwapenda wote watatu, na mlango ulikuwa na tundu moja la ufunguo. Akavuta pumzi, akapiga hatua, akanyoosha mkono.

Mimi niliyewasimulia naujua mkono ulioupokea ufunguo ule, lakini leo siwaambii. Waliokuwapo walibishana njia nzima ya kurudi mlimani, na hadi leo wakikutana wanabishana. Nanyi mmesikia yote, sikuwaficha sifa ya mtu wala udhaifu wake. Zakaria aliyeanza, akakata tamaa, akarudi. Eliwaza aliyeasi agizo, akawaokoa watoto. Mbaruku aliyejenga, akabaki na dini yake. Na Nyamizi mwenyewe, ambaye kila mara alikuwapo.

Haya, ufunguo uko mkononi mwako na watu wanangoja juani. Je, nani anastahili kuufungua mlango?