Waliosimama Mbele ya Lango

Chumba cha mbele cha Mama Pacha kilikuwa kimejaa mvuke wa pasi na harufu ya sabuni, na mashati ya watu yalining'inia kambani kama wageni ambao hawajakaribishwa kuketi. Mama Pacha alikuwa dobi, tena dobi wa kusifika; shati likitoka mikononi mwake ungedhani limetoka dukani. Mungu alimjalia pacha, wa kike na wa kiume. Wa kike alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wa kiume alikwenda vitani akiwa buheri wa afya, akarudishwa ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, mama asiruhusiwe hata kumtazama uso.

Vita vile vilianza kwa maneno. Kiongozi wa nchi, ambaye watu walimbandika jina la Ulimi wa Asali, alisimama mbele ya kamera akaapa kwamba jirani wa ng'ambo ya mpaka alikuwa ameficha silaha za sumu. Alisema ana uhakika na jambo hilo kama anavyolijua jina la mama yake mzazi. Watu wakamwamini, na vijana wakaondoka kwa nyimbo. Jeshi lilipofika huko lilipekua maghala, visima na hata makaburi, lisipate sumu ya kumtosha panya.

Tangu hapo imani ya watu ilipukutika kama majani ya kiangazi. Redio ya serikali ikitangaza jua, Mama Pacha alianua nguo. Ikitangaza mvua, alianika. Wateja wake walicheka, lakini kilikuwa kicheko kilichoishia menoni.

Waliofiwa waliandamana. Shemeji yake Mama Pacha, fundi mwashi aliyeitwa Baruti kwa sababu hasira zake hazikuhitaji kiberiti kikubwa, alitangulia mbele akipaza sauti hadi ikamkauka. Askari walirusha moshi wa kutoa machozi, vijana wachache wakajibu kwa mawe, na jioni msemaji wa serikali akasema wale walikuwa wahuni waliolipwa. Kisha Ulimi wa Asali mwenyewe akatokea kwenye runinga, akatabasamu, akawaambia wananchi kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mama Pacha aliposikia hayo aliisimamisha pasi wima, akakaa juu ya kapu la nguo. Hakulia. Alikuwa ameng'amua jambo. Kila walipopiga kelele walimpa yule bwana kitu cha kujibu, na kujibu ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Kesho yake alivaa nguo safi, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara, mkabala na lango la ofisi kuu ya serikali. Hakubeba bango wala picha. Binti yake aliambiwa na majirani, akaja mbio, akamkuta amesimama wima kama mlingoti.

"Mama, umekuja kusema nini?" aliuliza akitweta.

"Sijaja kusema."

"Sasa watajuaje unachotaka?"

"Wanakijua, mwanangu. Wanangoja tufungue midomo ili wapate pa kutukatiza."

Binti alimtazama mamaye, akatua mkoba wake chini, akasimama kando yake. Askari wa zamu alivuka barabara akawauliza wana kibali gani. Hawakumjibu. Alipekua kichwani sheria inayomkataza mtu kunyamaza, hakuiona, akarudi langoni akijikuna kisogo.

Habari zikaenea. Waliofiwa walikuja mmoja mmoja, kisha wakaja na jamaa zao, kisha wakaja watu ambao hawakupoteza ndugu ila walipoteza imani. Baruti alikuwa wa mwisho kukubali. Alidai kunyamaza ni kazi ya mawe. Alipokuja alisimama ameuma midomo huku jasho likimtiririka, maana kwake jambo lile lilikuwa zito kuliko kubeba zege. Barabara ikajaa pomoni. Wachuuzi walishusha sauti, madereva wakaacha honi bila kuambiwa. Bendera juu ya paa la ofisi ilisikika ikipigwa na upepo. Mama Pacha alipogeuka na kuona vichwa visivyo na mwisho, mwili ulimsisimka, akajiona kama mtu aliyekwenda kuchota kata moja ya maji akakuta mbele yake bahari.

Msemaji wa serikali alitoka na kipaza sauti. Maneno yake yaligonga kuta za ng'ambo yakamrudia mwenyewe. Akasita, akaingia ndani. Watu waliendelea kuja kila asubuhi, hadi wabunge wa chama tawala wenyewe wakashindwa kuyapita macho yale. Bunge likaunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, na ikaamriwa kwamba mahojiano yafanyike hadharani.

Siku ya Ulimi wa Asali ukumbi ulifurika. Waliofiwa waliketi viti vya mbele. Jaji aliuliza swali moja tu: "Wataalamu wako walikwambia wana uhakika kwamba silaha zile zipo?"

Akaanza kama ilivyo ada yake. Alisimulia uzito wa madaraka, akagusia historia, akawataja watoto. Alipofika mahali ambapo watu humpigia makofi, alitua. Hakuna aliyepiga. Alipofika mahali ambapo wapinzani humzomea, alijiandaa na mzaha wake. Hakuna aliyezomea. Jaji hakulirudia swali. Aliweka kalamu chini, akangoja. Yule bwana akanywa maji. Akaanza sentensi, akaiacha njiani. Macho yake yakakutana na ya Mama Pacha, ambaye hakumkunjia uso wala hakutazama pembeni.

"Walisema huenda," alitamka hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo nchi haikuwahi kuisikia. "Mimi ndiye niliyeliondoa neno huenda."

"Kwa nini?" jaji aliuliza.

"Kwa sababu hakuna mzazi ambaye angenipa mwanawe kwa huenda."

Hakuna aliyepiga kelele hata hapo. Baruti aliinamisha uso, mabega yakimtikisika. Mama Pacha aliushika mkono wa binti yake kwa nguvu. Alikuwa amedhani siku hiyo atafurahi, kumbe kilichomjia kilikuwa kicho, kama cha mtu anayeona mlima ukisogea.

Juma halikuisha kabla Ulimi wa Asali hajajiuzulu, na mawaziri waliolibeba neno lake wakamfuata. Alifikishwa mahakamani kama raia mwingine yeyote, akahukumiwa. Sheria ikabadilishwa: nchi isiingie vitani tena mpaka wataalamu wenyewe wasimame bungeni na kutamka wanachokijua na wasichokijua. Watawala wa nchi za mbali walisikia anguko lile wakashtuka vitini mwao, na walipouliza ni jeshi gani lililoiangusha serikali ile, waliambiwa ni watu waliosimama barabarani bila kusema neno. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.